Mkono wa Mzee Ogari

Je, wewe unayenisikiliza, umewahi kumwona mtu akitumbukiza mkono ndani ya tangi la kahawa hadi kwenye kiwiko, akafumba macho kama anayeomba, kisha akautoa na kukuambia saa ya kufungua maji? Bonareri hakuwa amewahi. Alikuwa ameolewa miezi mitatu tu, na ndiyo kwanza ameandikwa kazi ya kuchambua kahawa kwenye meza za kukaushia, katika kiwanda cha chama cha wakulima kule bondeni, upande wa Kenyenya. Siku hiyo alisahau kuchambua. Alisimama kiganja kimejaa punje, mdomo wazi, mpaka mwanamke wa meza ya pili akamsukuma kwa nyonga.

Kwa asiyeijua kazi hiyo, ni hivi. Tunda jekundu likishapita kwenye mashine ya kuzungushwa kwa mkono, punje hutoka zimevikwa utelezi kama wa mlenda. Hulazwa ndani ya tangi la saruji, bila maji, mpaka utelezi ulegee wenyewe. Ukiziosha mapema, utelezi unang'ang'ania na kahawa inachacha juu ya meza. Ukichelewa, zinaoza, na harufu yake hakuna jua la kuitoa. Wakati mzuri uko hapo katikati, nao ni mfupi. Tena kila tangi lina wakati wake, kwa kuwa baridi huuvuta na joto huukata.

Aliyeujua wakati huo pale kiwandani alikuwa mmoja, Mzee Ogari, na huyo ndiye baba mkwe wa Bonareri. Alizisugua punje za chini kabisa, ambako jicho halifiki. Zikiteleza, alisema bado. Zikikwaruzana kama changarawe za mtoni, alichomeka fimbo katikati ya lundo, akaichomoa, akalitazama tundu. Tundu lisipojifunga alisema neno moja tu, "Maji," na vijana wakakimbilia mfereji. Aliifanya kazi hiyo tangu kiwanda kilipokuwa mashine moja chini ya paa la nyasi, miaka kumi na minne kwa jumla, na hakuna gunia hata moja lililowahi kurudishwa.

Bonareri angependa kumwambia jinsi alivyostaajabu, lakini angeanzia wapi? Kati ya mke wa mwana na baba mkwe kuna heshima kubwa huko kwao, inaitwa chinsoni. Hawashikani mikono, hawapokezani kitu kiganja kwa kiganja, na maneno yao ni ya salamu na ya lazima. Kwa hiyo alimtazama akiwa mezani, hatua ishirini chini ya matangi, kila siku kwa miaka mitano, na kila siku ilikuwa kama ile ya kwanza.

Sasa ikaja Julai ya mwaka wa hamsini na moja, baridi ya kuuma masikio. Mwenyekiti wa chama, Ondieki, aliwakusanya wafanyakazi wote kumi na mmoja mbele ya stoo akasoma karatasi. Kamati imeamua, alisoma, kwamba mtu yeyote ambaye serikali imemsamehe kodi kwa sababu ya uzee asiendelee na kazi za chama, maana serikali yenyewe imeshasema nguvu zake zimekwisha. Tangazo lilikuwa refu, lakini kati ya wale kumi na mmoja mwenye cheti cha kusamehewa kodi alikuwa Ogari peke yake.

Cheti hicho kilikuwa na kisa. Karani wa kodi alipokuja barazani miaka miwili nyuma, hakuna mzee aliyejua mwaka wake wa kuzaliwa, kwa hiyo aliwauliza mwaka wa kutahiriwa, akahesabu kuanzia hapo. Ogari alijibu kweli tupu. Alitahiriwa siku moja na kaka yake, Nyamongo, kwa kuwa baba yao alikuwa mgonjwa na alitaka kuwaona wote wawili wamekuwa wanaume kabla hajafumba macho. Nyamongo siku hiyo alikuwa ameshaanza kuota ndevu. Ogari alikuwa mdogo hivi kwamba alirudishwa nyumbani amebebwa mgongoni. Karani hakuuliza habari za mgongo. Alitazama zile mvi zilizomwota mapema, akawaandika ndugu wote wawili umri mmoja. Nyumbani walifurahi, mkewe Tryphosa akachinja jogoo. Nani angewaza kwamba karatasi ya kumwondolea mtu kodi ingemwondolea na kazi?

Ondieki alimaliza kusoma, akasema mzee akiwa na neno aseme. Wote walimgeukia. Ogari alikuwa amesimama na mabuti yake ya mpira, mkono wa kulia bado una unyevu.

"Mmeshasema," alijibu.

Basi wakampa blanketi la kijivu, zawadi ya chama, wakamwomba avue mabuti kwa kuwa ni mali ya kiwanda. Aliyavua mbele za watu, mguu mmoja baada ya mwingine, akishika nguzo. Mabuti alipewa kijana Onchiri, aliyesoma hadi darasa la nane na mwenye saa ya mkononi, naye akayavaa hapo hapo yakamtosha kama yake. Bonareri aliinamia meza yake. Hakutaka kuuona mgongo wa mkwewe ukipanda mlima peku, na blanketi chini ya kwapa.

Nyumbani, Tryphosa alilishika lile blanketi kwa vidole viwili, akaligeuza huku na huku. Akasema hilo ni blanketi la kumfunika mgonjwa, na yeye mgonjwa hana. Akalitupia kuku walalie.

Mogaka, mume wa Bonareri, alikuwa Kericho kwenye majani chai, na alichotuma kiliishia kwenye chumvi na mafuta ya taa. Mshahara wa mzee ndio uliokuwa ukimsomesha Kemuma, kitinda mimba, katika shule ya misheni. Kemuma alibakiza miaka miwili awe mwalimu. Hayo Tryphosa aliyasema mara moja tu, halafu akamtazama mumewe. Ogari aliamka kila siku wakati ule ule wa zamani, akanawa mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko, akaketi juu ya jiwe uani, hana pa kuutia.

Siku ya nane Tryphosa alifunga kitambaa chake cha kanisani, akamwamuru mumewe asimame, na Bonareri awafuate na kikapu cha ndizi, nyuma, umbali wa heshima. Walikwenda Kenyenya kwa karani. Walingoja nje tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini. Walipoingia, Tryphosa ndiye aliyeeleza habari yote, ya tohara, ya Nyamongo, ya kubebwa mgongoni. Karani alisikiliza akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti.

"Kwa hiyo mama unataka nimpunguzie mzee miaka?"

"Nataka umrudishie ile uliyomwongezea."

Karani alicheka mpaka mwenzake wa chumba cha pili akaja kuona kuna nini. "Serikali ikishamzeesha mtu imemzeesha, mama. Wengine wanalia wapewe hicho cheti, ninyi mnakirudisha kama chungu kilichopasuka." Kisha akamgeukia Ogari na kumpandishia sauti, kama vile mtu akiwa na mvi masikio nayo yameziba. "Mzee! Wewe mwenyewe unataka nini?"

Ogari alitazama ukuta. "Mama Mogaka ameshaeleza," alisema.

Bonareri alibeba zile ndizi hadi nyumbani, maana karani hata hakuzitazama.

Huku kiwandani mambo yalikuwa yakienda kwa saa. Onchiri hakuwa kijana mbaya. Alikuwa na daftari, aliandika tangi lilijazwa lini, na ilipofika saa ya thelathini na sita akafungua maji, kama alivyofundishwa katika kozi ya wiki mbili. Lakini kozi hiyo aliisomea mwezi wa Februari, wakati wa jua. Katika baridi ile ya Julai punje zilikuwa bado zimelala.

Bonareri ndiye aliyejua kwanza. Kahawa ilimwagwa juu ya meza yake, akaipitisha vidoleni, na vidole vikateleza. Aliwaza amwambie nani. Mwenyekiti angeuliza mwanamke wa mezani amejuaje mambo ya matangi. Akafunga konzi moja kwenye pindo la leso, akaenda nayo nyumbani.

Mkwewe alikuwa kwenye lile jiwe lake. Bonareri alisimama mbali, akapita njia ya pembeni, akaziweka punje juu ya jani la mgomba, hatua mbili kutoka miguuni pake, akarudi nyuma na kujifanya anafagia. Ogari alilitazama jani kwa muda. Kisha akanyoosha mkono, akaziokota, akazisugua baina ya kidole gumba na ncha za vidole vingine, akafumba macho, na Bonareri akaona uso wa mkwewe ukifunguka kama dirisha.

"Saa thelathini na sita," Ogari aliuambia mti wa parachichi. "Ilitakiwa ipate kumi na mbili zaidi. Maana ile ya juu ya tangi imekubali, ya chini imekataa."

Bonareri alishikilia ufagio. Hakuna aliyemwambia mzee saa wala siku. Alizisoma zile namba katika konzi moja ya punje, zikiwa zimeshatolewa tangini na kubebwa mlimani ndani ya leso.

Kesho yake alimwendea Onchiri. Kijana alicheka kidogo, akamwuliza kama siku hizi meza zinaamrisha matangi. Lakini jioni alimfuata kwenye njia, hakuna aliyewaona, akamwuliza kwa sauti ya chini mzee alisema saa ngapi. Toka hapo ikawa kazi ya kila siku. Asubuhi Onchiri alimpa Bonareri konzi kutoka chini ya tangi, saa ya chakula Bonareri alipanda mlima, punje zikawekwa kwenye jani la mgomba, mzee akazishika na kuuambia mparachichi neno lake. Siku nyingine alisema kwa nini. Alisema kahawa ya mashamba ya juu huchelewa kuliko ya bondeni, kwa hiyo zisichanganywe. Bonareri aliyaweka yote kichwani. Tangi baada ya tangi likatoka safi, na Ondieki akamsifu Onchiri mbele ya kamati.

Tryphosa alipogundua, hakumgombeza mkwe wake. Alimgombeza mumewe, kwa sauti ya chini, ambayo kwake ndiyo ilikuwa kali.

"Kijana amevaa mabuti yako, na wewe unamfutia matope."

"Kahawa haijanikosea," alijibu Ogari.

Ikabidi Bonareri amwulize mama mkwe wake, walipokuwa wakimenya ndizi, kwa nini baba haendi tu kwa mwenyekiti akasema anataka kazi yake. Tryphosa alifuta utomvu vidoleni. Akamweleza kwamba Ondieki alitahiriwa siku moja na Mogaka. Hao ni rika moja, na mtoto wa rika la mwanao ni mwanao. Ogari ndiye aliyempasulia Ondieki ndizi ya kwanza alipotoka ndani baada ya kutahiriwa. Baba anampa mwana, hamwombi. Akimwomba mbele za watu, kesho atamtazamaje?

"Hata kama ndani anakufa?" aliuliza Bonareri.

"Hata kama," alisema Tryphosa, akaendelea kumenya.

Kilichovunja mpango huo ni siku ya Jumamosi. Nyumba ya Ogari walikuwa Wasabato, na kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jua lizame hakuna mkono ulioshika kazi. Miaka yote kumi na minne Ogari alikuwa na njia yake. Alhamisi alipokea kahawa ya karibu tu, ya bondeni, inayowahi kulegea. Ijumaa hakupokea kabisa. Hivyo hakuna tangi lililomwita siku ya Sabato, na hakuna aliyekuwa ameiona hesabu hiyo, walidhani Ijumaa ni siku ya kusafisha mashine. Onchiri aliona siku nzima inapotea bure. Alipokea kahawa Alhamisi kutoka kila upande na Ijumaa pia, akalijaza tangi kubwa mpaka ukingoni.

Jumamosi, katikati ya mahubiri, Bonareri aliona kivuli mlangoni mwa kanisa. Onchiri alikuwa amesimama nje na kopo la sigara, ametokwa jasho katika baridi ile. Aliwaonyesha kopo. Lilijaa punje. Bonareri akageuka upande wa wanaume kumtazama mkwewe.

Ogari alikuwa ameshaona. Hakuinuka. Aliivuta mikono yake yote miwili, akaiingiza chini ya mapaja, akaikalia. Aliikalia mpaka mwisho wa ibada, macho kwa mhubiri. Bonareri alikuwa amekiona kipaji cha mkono huo kwa miaka mitano, lakini hakujua kwamba huyo mtu angeweza kuukalia. Onchiri alingoja hadi wimbo wa mwisho, akaondoka, akaenda kuitazama saa yake.

Jumatatu asubuhi meza nne zilikuwa zimefunikwa kahawa iliyokuwa inavuta nzi. Ilinuka kama togwa iliyosahauliwa. Siku hiyo hiyo lori la Abdirashid lilifika kuchukua magunia ya wiki zilizopita. Abdirashid alikuwa mfanyabiashara wa Kisii mjini, mtu mwenye kofia nyeupe na mdomo usiopumzika, aliyekuwa akikisafirishia kiwanda hicho tangu magunia yalipokuwa manne. Alishuka, akapita kati ya meza, akasimama. Aliokota punje, akainusa, akairudisha kwa adabu kama mtu anayefunika maiti.

"Mwenyekiti, haya magunia ya zamani nitabeba. Haya ya leo yakikauka usiniite. Mimi hubeba nguo na sukari za watu ndani ya lori hilo." Akatazama huku na huku. "Mzee mwenye mkono yuko wapi?"

Ondieki alisema amepumzishwa, ni mzee.

"Ninyi watu mna mali nyingi," alisema Abdirashid. "Huyo mzee mkinipa mimi nitamjengea nyumba."

Wafanyakazi walicheka, kisha wakaacha, kwa kuwa mwenyekiti hakucheka. Bado kulikuwa na tangi la pili, kahawa ya Jumapili, limejaa, na hakuna aliyethubutu kuligusa. Kama nalo lingeharibika, wakulima mia mbili wangekosa malipo ya msimu. Onchiri alikuwa ameketi kwenye ukingo amevua saa. Na hapo, bila kuulizwa, akasema. Alisema matangi aliyosifiwa yote yalipimwa uani kwa Mzee Ogari, juu ya jani la mgomba, na aliyekuwa akizibeba punje ni mke wa Mogaka.

Ondieki alimtazama Bonareri. Bonareri alitazama chini. "Nenda ukamwite," alisema mwenyekiti. "Mwambie aje atusaidie leo tu."

Ogari alishuka mlima taratibu, peku. Hakumsalimu mtu kabla ya kazi. Alikunja mkono wa shati mara tatu, akainama juu ya ukingo, akautumbukiza mkono. Wachambuaji waliacha meza zao. Waliokuwa wakipakia magunia wakayashusha. Hata Abdirashid akafunga mdomo. Mkono ulizama mpaka kiwiko, ukapita kiwiko, mpaka shavu la mzee likagusa zile punje, na hapo akafumba macho, na kwa muda mrefu hakuna kilichosikika bondeni isipokuwa maji ya mfereji. Bonareri alihisi kwamba akipumua atamharibia. Aliwaza ni vitu gani hivyo mkwewe anavyoambiwa huko chini, na ni nani anayemwambia.

Ogari aliinuka. Akaomba fimbo, akaichomeka, akaichomoa. Lile tundu lilijaa polepole, likajifunga.

"Bado," alisema. "Ila haijapotea. Kesho asubuhi, umande ukiwa bado juu ya nyasi. Jua likiupiga mtakuwa mmechelewa."

Pumzi zilitoka vifuani kwa pamoja. Ondieki alimshukuru sana, kwa maneno mazuri ya mwenyekiti. Akasema chama hakitasahau, na watakuwa wakimwita namna hii kukiwa na shida, kama watoto wanavyomwita baba yao. Ogari alisikiliza mpaka mwisho. Akaitikia kwa kichwa, akageuka, akaanza kuondoka, ute ukimdondoka kwenye vidole hadi juu ya majani.

Bonareri alimwona akipita pembeni ya meza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa sasa karibu na meza yake. Bonareri alitaka kumzuia, na chinsoni ikamfunga ulimi. Akafanya kitu kimoja alichoweza. Hakusogea kumpisha. Kila mara alipopita mkwewe, miaka yote, alikuwa amerudi nyuma hatua tatu, na safari hii alisimama palepale njiani, kichwa chini.

Ogari alisimama. Alimtazama huyo mwanamke mdogo aliyembebea kahawa ndani ya leso, akatambua kwamba alikuwa akimzuia asiondoke kabla hajasema la moyoni. Watu wote wakatazama, wasielewe.

Kisha mzee akageuka. Akarudi kupita meza ya tatu, ya pili, ya kwanza, hadi mbele ya mwenyekiti. Midomo ilianza kabla ya sauti.

"Ondieki mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko walivyoizoea, "sikuja kusaidia. Nataka kazi yangu. Nilitaka kulisema hili siku ile ya blanketi nikaona haya mbele yako. Nataka kazi yangu, na nataka kuanza leo."